Grange: ghala la nafaka lililogeuka shamba, jumba na chama cha wakulima

Ukitoka Dublin kuelekea kaskazini, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari, unafika bonde la mto Boyne. Hapo pana kilima kilichojengwa kwa mikono ya watu, cha mviringo, chenye ukuta wa mawe meupe upande wa mbele. Ni kaburi la takriban mwaka 3200 KK, la kale kuliko piramidi kubwa ya Giza. Asubuhi za siku zilizo fupi kuliko zote za mwaka, mwezi Desemba, jua hupenya kwenye tundu lililo juu ya mlango, likafuata ujia mwembamba mpaka chumba cha ndani kabisa. Waliolijenga hawakuacha maandishi. Jina linalotumika leo ni Newgrange, na nusu ya jina hilo ni neno la kale la Kiingereza lenye maana ya ghala la nafaka.

Kaburi limepataje jina la ghala? Mwaka 1142 wamonaki walianzisha abasia, yaani nyumba ya watawa, ya Mellifont, kilomita chache kutoka hapo. Wakapata ardhi kubwa, wakaigawa katika mashamba ya mbali na abasia, na kila shamba la namna hiyo likaitwa grange. Kilima kilikuwa ndani ya mojawapo. Wamonaki wakaondoka baadaye, jina likabaki, na leo watalii hulisoma kwenye vibao bila kujua kwamba linawataja wakulima waliokuja miaka zaidi ya 4,000 baada ya kaburi kujengwa.

Neno hili huwasumbua wengi wanaosoma historia ya Uingereza. Katika hati moja grange ni banda la kuwekea ngano. Katika nyingine ni shamba zima lenye mifugo na watu. Ukija kwenye karne ya 19 ni jumba la tajiri, tena lisilo na hata punje moja ya shayiri. Ukivuka bahari mpaka Marekani ni chama cha wakulima kinachohusishwa na kesi maarufu mahakamani. Maana hizi zimezaana, moja ikaifuata nyingine, na kinachoziunganisha ni jambo ambalo mkulima yeyote wa Mtwara au Kitale atalitambua mara moja: nafaka ikishaingia ghalani, nani ana mamlaka juu yake?

Kwa nini ghala lilikuwa kubwa kama kanisa

Mzizi ni Kilatini, granum, yaani punje. Kifaransa cha kale kikatoa grange, na mpaka leo mkulima wa Ufaransa huliita hivyo banda lake. Uingereza ilitawaliwa na Wanormandi, watu waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, tangu mwaka 1066, na kwa muda mrefu Kifaransa kilikuwa lugha ya mabwana, mahakama na waandishi wa hesabu. Wakulima wa Kiingereza walikuwa na neno lao, barn, ambalo asili yake ni "nyumba ya shayiri". Basi jengo likawa na majina mawili: la anayefanya kazi ndani yake, na la anayelimiliki. Nadhani hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu grange tangu mwanzo lilikuwa neno la mwenye mali.

Msomaji wa kwetu anaweza kushangaa ukubwa wa majengo haya. Kihenge cha familia hutosha mavuno ya mwaka kwa sababu mahindi au mtama hupurwa kwanza, ukakauka juani, ndipo ukahifadhiwa. Uingereza mambo yalikuwa kinyume. Ngano ilivunwa Agosti na Septemba, mvua ikiwa inanyemelea, na mikono ya kuvunia haikutosha kuvuna na kupura kwa wakati mmoja. Kwa hiyo waliingiza ndani miganda mizima, masuke na mabua yake, wakaipanga mpaka karibu na dari. Kupura kulifanyika taratibu majira yote ya baridi, wakati udongo umeganda na hakuna kazi nyingine shambani.

Katikati ya ghala paliachwa uwanda wa kupuria, na kila upande wa uwanda huo mlango mkubwa, miwili ikitazamana. Wanaume wawili au watatu walisimama wakipokezana mapigo kwa fimbo za kupuria, zile zenye vipande viwili vilivyounganishwa kwa kamba ya ngozi. Ilipofika wakati wa kupepeta, milango yote miwili ilifunguliwa, upepo ukapita katikati na kuchukua makapi. Mbao zilizuia sehemu ya chini ya mlango ili punje zisirukie nje. Nafaka safi haikubaki humo. Ilihamishiwa chumba kingine kidogo, chenye kufuli, na katika karne za baadaye mashamba mengi yalijenga vibanda vya mbao kwa kazi hiyo, vikainuliwa juu ya mawe yaliyochongwa kama uyoga. Panya hupanda shina la uyoga bila shida, ila akifika chini ya kofia hana pa kushika. Vihenge vyetu vyenye miguu na vizuizi vya bati hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo.

Ghala zuri kuliko yote la namna hii, kwa maoni yangu, liko Great Coxwell, katika mkoa wa Oxfordshire. Urefu wake ni kama mita 46, upana mita 13, na paa linafika karibu mita 15. Kuta ni za mawe, paa limeezekwa kwa vigae vya mawe, na uzito wote huo unabebwa na nguzo za mwaloni. Tazama nguzo hizo zinapoanzia. Hazigusi ardhi. Kila moja imesimama juu ya kitako cha mawe kirefu kuliko mtu mzima, kwa sababu mwaloni unaogusa udongo wenye unyevu huoza. Uchunguzi wa pete za miti umeonesha kwamba mbao hizo zilikatwa mwishoni mwa karne ya 13, katika miaka ya 1290. Zimebeba paa hilo zaidi ya miaka 700. William Morris, fundi na mshairi wa karne ya 19 aliyeishi karibu na hapo, alizoea kuwapeleka wageni wake walione, naye alililinganisha na makanisa makuu.

Wamonaki waliokataa kupokea zaka

Great Coxwell lilikuwa mali ya abasia ya Beaulieu, iliyoko kusini kabisa, karibu na pwani. Mfalme John aliwapa wamonaki ardhi ya Great Coxwell mwanzoni mwa karne ya 13. Kitabu cha hesabu za Beaulieu cha mwaka 1269 hadi 1270 bado kipo, na kinaonesha jinsi kila shamba lilivyotakiwa kutoa maelezo ya kilichoingia na kilichotoka.

Wamonaki hao walikuwa Wasitoo, shirika lililoanzia Cîteaux huko Burgundy mwaka 1098. Walitaka kurudi kwenye Kanuni ya Mtakatifu Benedikto kama ilivyoandikwa, na hasa pale inaposema mmonaki aishi kwa kazi ya mikono yake. Kwa hiyo walikataa mapato ambayo abasia nyingine ziliyategemea: kodi za wapangaji, vijiji vyenye watumwa wa ardhi, na zaka. Chakula chao kitoke shambani kwao, kilimwe na watu wao wenyewe.

Hapa kuna kosa linalorudiwa sana, hata na waandishi wazuri. Kila ghala kubwa la zama za kati huitwa "ghala la zaka". Ghala la zaka lilikuwa la paroko au taasisi iliyomiliki parokia. Kila mkulima alileta humo fungu la kumi la mavuno yake kwa lazima ya sheria, na malipo hayo hayakugeuzwa kuwa fedha kila mahali mpaka Sheria ya mwaka 1836. Ghala la grange liliwekwa mavuno ya shamba la wenyewe. Mkulima aliyesimama mbele ya ghala la zaka alikuwa anakabidhi jasho lake kwa mwingine, kumbe ghala la grange lilipokea ngano ya abasia yenyewe. Kwa macho majengo haya hayatofautiani, lakini mbele ya haki za watu yametofautiana sana. Great Coxwell ni la aina ya pili.

Tatizo la Wasitoo lilikuwa saa. Mmonaki anayesali mara nyingi kwa siku, usiku ukiwemo, hawezi kulima ekari mia kadhaa zilizo mbali. Suluhisho lao lilikuwa mabruda wakulima. Hawa waliweka nadhiri kama wamonaki, lakini hawakuimba zaburi kwaya. Wengi walitoka familia za wakulima maskini. Walifuga ndevu, walilala kwenye jengo lao, na wakati wa sala walisimama palepale shambani wakasema sala chache walizozijua kwa moyo. Kanuni za shirika ziliwakataza kuwa na vitabu au kufundishwa kusoma. Grange ilitakiwa isiwe mbali kupita mwendo wa siku moja kutoka abasia, ili waweze kurudi Jumapili na sikukuu. Kila grange ilikuwa na bruda msimamizi, na juu yake yuko mtunza stoo mkuu wa abasia aliyepokea hesabu.

Mpango huo ulizaa matunda haraka sana. Abasia ya Rievaulx, kule Yorkshire, ilianza mwaka 1132. Kufikia kifo cha abate Aelred mwaka 1167, mwandishi wa maisha yake alisema ilikuwa na wamonaki 140 na watu wengine 500 wa kazi. Grange zilikausha vinamasi, zilifyeka misitu, zilifuga kondoo kwa maelfu na kuuza sufu kwa wafanyabiashara wa Italia.

Lakini ardhi tupu haikupatikana kila mahali. Kanuni ilidai upweke, na upweke ulipokosekana ulitengenezwa. Byland, jirani ya Rievaulx, iliwahamisha wanakijiji ili wamonaki wapate nafasi. Walter Map, mtumishi wa mfalme Henry II, aliwashambulia Wasitoo kwa maneno makali kwamba wanabomoa vijiji na makanisa, wanawatoa watu majumbani mwao, kisha wanajiita maskini. Map alikuwa na chuki nao na alipenda kutia chumvi, ila suala lenyewe la kuhamisha watu lina ushahidi. Siwezi kulitazama paa la Great Coxwell kwa furaha tupu nikijua kwamba mfumo uliolijenga uliwakuta watu kwenye ardhi na wakati mwingine ukawaondoa.

Ufunguo unapobadilisha mkono

Mfumo wa mabruda ulidumu kama karne mbili. Katika karne ya 14 walipungua, na tauni ya mwaka 1348 na 1349, iliyoua kati ya theluthi na nusu ya watu wa Uingereza, ikamaliza kilichobaki. Waliopona walijua thamani ya mikono yao. Kazi ya kulipwa ilikuwepo, na kijana hakuona sababu ya kulima maisha yake yote bila ujira. Abasia zikaanza kuzikodisha grange kwa wakulima binafsi. Watu wa shirika lililokataa kodi za wapangaji wakawa wanaishi kwa kodi za wapangaji.

Kati ya mwaka 1536 na 1540 Henry VIII alizifunga nyumba za watawa zaidi ya 800. Madini ya risasi yaliyoezekea mapaa ya abasia yaliyeyushwa na mawe yakauzwa. Grange zilikuwa na bahati nzuri zaidi, kwa kuwa shamba lenye ghala zima lina thamani kwa mnunuzi yeyote. Wakubwa wa serikali, wafanyabiashara na wapangaji wa zamani walizinunua, wakazifanya makazi. Hivyo neno likahama tena, kutoka shamba mpaka nyumba ya shambani iliyojitenga. Shakespeare analitumia kwa maana hiyo mwanzoni mwa karne ya 17: katika Othello, Brabantio anaamshwa usiku akiambiwa kuna wizi, naye anajibu kwamba hapa ni Venice, nyumba yake si grange. Maana yake, haiko porini peke yake, majirani wapo. Baada ya hapo kila mwenye uwezo aliyetaka nyumba yake ionekane ya kale alilibandika jina hilo langoni, na sehemu hiyo ya hadithi haina mengi ya kusema.

Maghala yenyewe yaliendelea kufanya kazi, na ndani yake ukazuka mgogoro mwingine. Karibu mwaka 1786, Mskoti Andrew Meikle alitengeneza mashine ya kupura. Kazi ya miezi yote ya baridi ikawa ya siku chache. Kwa mwenye shamba hiyo ilikuwa neema. Kwa kibarua ilikuwa njaa, kwa sababu kupura ndiko kulikomlisha kati ya Novemba na Machi. Agosti 1830, huko Kent, vibarua walianza kuvunja mashine hizo, na moto wa uasi ukaenea kusini yote ya Uingereza. Serikali ilijibu kwa kunyonga watu 19 na kuwasafirisha mamia kwenda Australia.

Chicago, maghala 14

Mwaka 1867, miaka miwili baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, mtu aliyewahi kuwa karani wa idara ya kilimo ya Marekani, Oliver Hudson Kelley, alianzisha pamoja na wenzake chama cha wakulima huko Washington. Walitaka jina lenye harufu ya shamba la kale, wakachagua Grange. Kila tawi likaitwa hivyo. Chama kilikuwa na madaraja na sherehe za siri mithili ya Wamasoni (Freemasons), lakini kilikuwa na jambo moja la mbele ya wakati wake: wanawake waliingia wakiwa wanachama kamili wenye kura, kwa msimamo wa mpwa wa Kelley, Caroline Hall. Kufikia mwaka 1875 kilikuwa na wanachama wapatao 850,000.

Walikuwa na deni, bei za mazao zilikuwa zinashuka, na kati yao na soko kulikuwa na malango mawili: reli na ghala. Ghala la Marekani lilikuwa limebadilika kabisa. Mwaka 1842 Joseph Dart alijenga Buffalo ghala la kwanza lenye mashine ya mvuke na mkanda wa ndoo, uliochota nafaka kutoka melini na kuipandisha juu kabisa, kisha ikateremka kwa uzito wake ndani ya mapipa marefu. Magunia hayakuhitajika tena. Ngano ya mkulima mmoja ilimwagwa pamoja na ya wengine wa daraja lilelile, naye akapewa karatasi: stakabadhi inayosema ana kiasi fulani cha ngano ya daraja fulani. Karatasi hiyo iliweza kuuzwa na kununuliwa mara kumi kabla ngano haijatikiswa.

Urahisi huo ulikuwa na mtego wake. Mkulima hakuweza tena kuiona ngano yake. Mwenye ghala ndiye aliyepima uzito, ndiye aliyetunza, na ada yake haikuwa na mshindani. Mwaka 1874 Chicago ilikuwa na maghala 14 ya aina hiyo, mikononi mwa kampuni tisa, na kila Januari wenye maghala walikubaliana ada za mwaka mzima na kuzitangaza gazetini. Hata wafanyabiashara wa soko la nafaka la Chicago walilalamika, jambo linalosahaulika pale sheria zilizofuata zinapoitwa kwa jumla sheria za Grange. Illinois iliweka katiba mpya mwaka 1870 yenye ibara nzima kuhusu maghala, na mwaka 1871 bunge lake likaweka ukomo: senti mbili kwa busheli, yaani kama kilo 27 za ngano, kwa siku 30 za kwanza, na nusu senti kwa kila siku 15 zinazofuata.

Ira Munn na George Scott walikataa kuchukua leseni na kufuata ada hizo. Wakatozwa faini ya dola 100, wakakata rufaa mpaka Mahakama ya Juu. Kampuni yao ilianguka mwaka 1872, kesi ikiwa bado inaendelea, baada ya kubainika kwamba ilikuwa na stakabadhi zisizo na ngano nyuma yake.

Uamuzi ulitoka Machi 1877, majaji saba dhidi ya wawili. Jaji Mkuu Morrison Waite alirudi Uingereza ya karne ya 17 kutafuta hoja, kwenye maandishi ya jaji Matthew Hale kuhusu bandari: mtu akiwa na gati pekee bandarini, gati hiyo haiwi tena yake tu, kwa sababu umma hauna njia nyingine. Waite akasema maghala ya Chicago yamesimama langoni mwa biashara na kutoza kila anayepita. Mali iliyowekwa mahali kama hapo imeguswa na maslahi ya umma, na umma una haki ya kuidhibiti. Jaji Stephen Field alipinga kwa nguvu, akiona kwamba kwa hoja hiyo mali zote zitakuwa chini ya huruma ya walio wengi bungeni. Naona Waite alikuwa sahihi, na sababu iko ndani ya jengo lenyewe: ngano iliyochanganywa na ya watu elfu haiwezi kulindwa na mkulima mmoja.

Anayefuatilia zao la korosho anaifahamu karatasi hiyo. Tanzania ilitunga Sheria ya Stakabadhi za Ghala mwaka 2005, na mfumo ukaanza kwenye korosho msimu wa 2007/2008. Kenya ilipata sheria yake mwaka 2019. Msingi ni uleule wa Illinois: mwendesha ghala awe na leseni, mzigo upimwe na kupangwa daraja, na stakabadhi iwe hati inayoweza kuuzwa au kuwekwa dhamana ya mkopo. Ila kwetu kuna hatua ambayo mkulima wa Illinois hakuwa nayo. Mkulima wa Newala au Tandahimba hafiki ghala kuu mwenyewe. Hupeleka korosho kwenye chama chake cha msingi cha ushirika, AMCOS, na chama ndicho hukusanya na kusafirisha, kisha korosho huuzwa kwa mnada. Malalamiko mengi ya wakulima, malipo kuchelewa, makato yasiyoeleweka, uzito kupungua njiani, huzaliwa katika hatua hiyo, kati ya mzani wa kijijini na mzani wa ghala kuu. Ndiyo maana risiti ya kwanza, ile ya kijijini yenye kilo, daraja na tarehe, ni ya kutunzwa kwa uangalifu kuliko zote: bila hiyo mkulima hana cha kulinganisha na kilichoandikwa mbele ya safari.